Jembe la Siku ya Tatu

Machi 3

Nimefika! Hata miguu sijaifuta vizuri, Shangazi ameshaninyang'anya begi. "Nyumbani kwangu mgeni habebi kitu," kasema, akalikokota mwenyewe ngazini mpaka chumba cha mwisho, mgongo unamuuma lakini mdomo haufungi. Nikamwambia mimi si mgeni, mimi ni mtoto wa kaka yake. Akanijibu kwamba aliyetoka safari ni mgeni, awe mtoto, awe mkwe, awe mdai.

Hoteli yake niliikumbuka ina kelele. Vyumba kumi na viwili, baraza mbele, na nyuma uwanja mpana wa nyasi ambao hakuna anayeushughulikia. Leo nimekuta karibu funguo zote zinaning'inia ukutani pale mapokezi, na redio inajiongelea yenyewe.

Kazi yangu ni kuandika matangazo ya safari. Ilikuwa, niseme. Kampuni imefunga milango kwa sababu hakuna anayesafiri tena. Hali ngumu, watu wanaazimana hata mwavuli, nani atakwenda kulala kitanda cha kulipia na kwake ana kitanda? Shangazi naye yuko ukingoni. Kuna mfanyabiashara wa saruji anataka kuikodi nyumba nzima iwe ghala. Hajamkubalia wala hajamkatalia. Amemwambia aje achukue jibu mvua zikiisha.

"Na wewe mwenyewe unataka nini?" nikamuuliza.

"Nataka wageni. Wakija, hoteli itabaki hoteli. Wasipokuja, basi, nilaze saruji. Angalau saruji haiombi shuka safi."

Kwa hiyo nina masika moja tu ya kuijaza nyumba hii. Nimesisimka mpaka chakula hakishuki!

Machi 4

Mvua. Mgeni mmoja, wakala wa dawa za mifugo. Amekiri alikosea njia.

Machi 7

Nimemfahamu mpishi. Ni mtu mrefu, mkimya, na jibu lake kwa kila swali ni hapana. Tubadilishe vitambaa vya meza? Hapana. Tuweke maua? Hapana. Kuna chai? Hapana, halafu analeta chai. Nimempa jina la Bwana Hapana na Shangazi amecheka mpaka akashika ukuta. Amefanya kazi hapa tangu nyumba ifunguliwe, na kwa maoni yangu amekwisha kukata tamaa zamani, anasubiri tu aambiwe aondoke.

Machi 11

Bwana Saruji amekuja! Kanyaga zulia, gonga kuta kwa ngumi, tazama dari kama anatafuta buibui. Amepima ukumbi wa chakula kwa hatua huku anahesabu mifuko mdomoni. Pale ambapo Shangazi huweka mtungi wa maua, yeye ameona sehemu ya kupangia mifuko. Alipoondoka alisema, "Sina haraka, Mama. Mvua bado." Ana sauti ya upole sana. Simpendi hata kidogo.

Machi 13

NIMEPATA! Nilikuwa napiga mswaki, wazo likanijia, povu likaniruka kiooni.

Watu wa hapa wote wanajua msemo: mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Yaani siku mbili unakirimiwa, ya tatu ukalime na wenzako, uzembe umekwisha. Basi sisi tuupindue. Tangazo langu hili hapa:

"Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Sisi hatumpi jembe, tunampa kitanda! Lipia siku mbili, ya tatu lala bure."

Nimelisoma kwa Shangazi mara tatu. Mara ya tatu alitabasamu. Nikamsomea Bwana Hapana. Akasema hapana, lakini nilimwona anarudia maneno yale peke yake huku anamenya vitunguu.

Redio ya mtaa iko nyuma ya duka la vipuri. Mtangazaji wake, kijana mnene mwenye sauti ya dhahabu, amekubali kulisoma kila siku kabla ya habari, naye atakula kwetu mchana mpaka mvua zikatike. Amekuja kula leo leo. Anakula kwa bidii.

Machi 15

Sijui nicheke au nilie.

Tulikaa wote ukumbini, Shangazi amejifunga kitenge kipya kwa ajili ya kusikiliza redio. Saa ya tangazo ikafika. Mtangazaji alikuwa amechelewa, dakika ya habari inamkimbiza, akaamua kulipunguza tangazo mwenyewe. Akakata sentensi ya katikati! Sauti ya dhahabu ikanguruma hewani: "Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe! Lipia siku mbili, ya tatu lala bure! Karibuni sana!"

Bwana Hapana akaweka mwiko chini.

"Amesema tunawapa wageni jembe," Shangazi akanong'ona. "Mimi. Nyumba yangu. Mgeni nimpe jembe!"

Simu ikalia kabla sijajibu. Mwanamume mmoja, anacheka mpaka anakohoa. "Hebu niambieni, jembe ni la kulimia hapo, au mtu anakwenda nalo kwake?"

Machi 16

Shangazi hasemi nami. Ananipitishia maneno kwa Bwana Hapana, ambaye anafikisha nusu. Simu zimelia asubuhi nzima. Wote wanauliza jembe. Na wengine, Mungu wangu, wanauliza chumba!

Machi 21

Wamekuja! Mwalimu mstaafu wa hesabu na mkewe. Mwalimu ameshuka kwenye gari akiwa amevaa mabuti ya mpira, suruali imetumbukizwa ndani ya mabuti, na kofia ya jua ilhali mvua inanyesha. Shangazi alitazama yale mabuti na uso ukamshuka. Amewapa chumba bora, mito minne, na amenionya kwa jicho nisithubutu.

Machi 23

Siku ya tatu yao. Nitaandika yote, maana sitaki nisahau hata tone.

Baada ya chai Mwalimu alisimama katikati ya ukumbi. "Haya, wenyeji. Siku mbili zimekwisha. Jembe liko wapi?"

Shangazi alikuwa amelificha chini ya kitanda chake tangu juzi. "Mwalimu, keti. Jembe hakuna. Yule mtangazaji alikosea."

"Kosa lenu, haki yangu. Redio imesema."

"Mgeni wangu hawezi kulima."

"Mama, mimi miaka yote naishi ghorofani. Nimefundisha watoto kukokotoa eneo la shamba na sijawahi kushika shamba lenyewe."

Mkewe akaingilia. "Mpeni jembe, jamani, mnisaidie. Tangu astaafu ananisahihisha namna ya kuosha vyombo."

Nilicheka kwa sauti na Shangazi akanitupia jicho ambalo lingekausha nguo. Ndipo Bwana Hapana akatokea uani ameshika jembe lake mwenyewe la jikoni, lile la kuchimbia shimo la taka. Akampa Mwalimu. Mwalimu akalishika kama chaki. "Hapana," akasema Bwana Hapana, akampanga mikono, wakatoka pamoja kwenda kwenye ule uwanja wa nyasi.

Shangazi alijifungia chumbani. Nilimsikia akisema peke yake kwamba mama yake angekuwa hai angezimia. Lakini mvua ilipokatika kidogo nilitazama dirishani. Mwalimu analima! Vibaya, mistari imepinda, matope mpaka masikioni, mkewe ameketi juu ya ndoo iliyofunikwa anampigia makofi. Walipanda maharage tuta moja. Adhuhuri Shangazi alitoka na sinia la chai. Aliliweka juu ya ukuta bila kuwatazama, akarudi ndani haraka. Chai ilikuwa na tangawizi nyingi kuliko kawaida.

Jioni, akijiandaa kwa safari ya kesho, Mwalimu alinishika mkono. "Mtanitazamia maharage yangu?" Nikasema tutayatazama.

Machi 24

Nimeandika tangazo jipya. Hili mtangazaji asilikate: "Jembe letu, udongo wetu, usingizi wako." Shangazi amesema fanya utakavyo, yeye hayumo.

Machi 30

Vyumba saba vina watu! Nimeazima majembe kwa majirani wote wa mtaa huu. Kuna muuguzi wa zamu aliyekuja kulala tu, sasa ana tuta refu kuliko wote. Na kuna fundi wa mitambo, kiwanda chake kimefungwa tangu mwaka uliopita, mkewe ndiye aliyemlazimisha aje apumzike. Nilimuuliza, kwa kuropoka kwangu, mtu asiye na kazi anapumzika nini. Nilitaka ulimi wangu uanguke. Yeye hakukasirika.

"Kukaa bure ndiko kunachosha," alisema. "Silali, dada. Nageuka tu mpaka kunakucha."

Jana ilikuwa siku yake ya tatu. Alilima tangu chai mpaka jioni, akala, akaenda kulala na viatu mguuni. Leo amechelewa kuamka mpaka tukaogopa, Bwana Hapana akaenda kugonga. Alitoka amevimba macho kwa usingizi, anacheka. "Jana nimechoka kwa haki," akatuambia. Nimekwenda jikoni nikalia kidogo, kwa sababu mimi pia tangu kampuni ifunge sijachoka kwa haki, mpaka nilipofika hapa.

Aprili 6

Mvua kubwa. Watu kumi na wanne. Mabuti yamejaa barazani, huwezi kupita!

Aprili 19

Uwanja wa nyuma si uwanja tena. Kila tuta lina kijiti, na kwenye kijiti kibao chenye jina la mwenyewe: Mwalimu, Muuguzi, Fundi, Mama Pacha, Wachumba. Hao wachumba waligombana juu ya nafasi kati ya mbegu na mbegu mpaka nikafikiri harusi imevunjika, kumbe ndiyo mara yao ya kwanza kugombana na wamefurahi kujua wanaweza.

Shangazi bado hagusi jembe na hataki kulisikia. Lakini anajua nani amepanda nini. Bwana Hapana sasa anatembea anapiga mluzi. Nilimhukumu vibaya. Hakukata tamaa yule, alikuwa hajaulizwa swali la maana.

Aprili 27

Leo ameingia mtu wa maana: mkurugenzi wa ofisi moja kubwa. Anatafuta mahali pa kufanyia semina ya wafanyakazi wake wote, mwezi mzima. Akituchagua, nyumba imejaa mpaka mvua ziishe na zaidi, na Bwana Saruji akatafute paa lingine! Mtu mpole, mwenye miwani minene. Redio hasikilizi, ameletwa na sifa za mapishi. Atakaa siku nne, aone.

Shangazi amefufuka. Ametandika mashuka ambayo sijawahi kuyaona. Alimbebea begi yeye mwenyewe na safari hii hakulalamika mgongo. "Huyu ndiye mgeni," ameniambia. "Mtazame ujifunze mgeni anakirimiwaje."

Aprili 28

Mkurugenzi amesifu supu, mito, ukimya. Ameuliza kama ukumbi unaweza kupokea viti arobaini. NITAPASUKA.

Aprili 29

Imeharibika.

Nilishtushwa asubuhi na sauti ya begi likiburutwa ngazini. Nikatoka mbio. Mkurugenzi amevaa suti, tai imefungwa, uso umekufa. Shangazi yuko mbele yake amekumbatia nguzo ya ngazi.

"Mama," alisema taratibu, "kama mlikuwa mmenichoka, mngeniambia kwa mdomo. Mimi ni mtu mzima. Hakukuwa na haja ya kuniwekea jembe mlangoni."

Nilipanda juu. Kweli. Jembe limeegemezwa kwenye mlango wake, limeoshwa, mpini umefutwa, limefungwa kitambaa cheupe. Siku yake ya tatu! Kwa mtu aliyesikia redio ni zawadi. Kwa mtu asiyesikia ni kufukuzwa, tena kwa namna inayojulikana na kila mtoto.

Nilimweleza kila kitu pale pale, tangazo, mtangazaji, ile sentensi iliyokatwa, maharage, kibao cha Mwalimu. Nilieleza kwa haraka mno, maneno yanagongana, na kadiri nilivyoeleza ndivyo nilivyozidi kuonekana mwongo. Shangazi aliomba radhi mara nyingi. Mkurugenzi alimpa mkono kwa heshima, akasema amesamehe, na akaondoka. Hakuna kitu kibaya kuliko mtu anayekusamehe na bado anaondoka.

Bwana Hapana alikuwa amesimama mlangoni pa jikoni, mikono chini ya aproni. "Nilimwona ni mzee mwema," akasema. "Nikaona naye asinyimwe." Siku moja katika maisha yake amesema ndiyo bila kuulizwa, na imekuwa hivi. Sikuweza kumkasirikia.

Shangazi hakupiga kelele. Laiti angepiga. Aliketi mapokezi, akasema, "Mgeni ametoka nyumbani kwangu akidhani nimemfukuza." Kisha akampigia simu Bwana Saruji mbele yangu. Jibu lake tayari, aje Jumapili ya pili ya Mei. Halafu akampigia mtangazaji, tangazo lisisomwe tena. Majembe yote nimeyarudisha kwa wenyewe. Nimeyabeba mwenyewe, mvua inaninyeshea, na sikutaka mwavuli.

Mei 4

Jua limetoka. Silitaki.

Mei 7

Vyumba vitupu. Bwana Saruji amepita, si kwa jibu, amekimbia mvua ya ghafla iliyomkuta njiani. Nilimpa taulo kwa sababu Shangazi alikuwa ananitazama. Amevua viatu mwenyewe mlangoni na kuvipanga. Akaketi, akatueleza paa la ghala lake linavuja, mifuko iliyopata maji imekuwa mawe, na hakuna anayejenga, amewaaga wapakiaji wake wote mmoja mmoja. "Nikipata hapa pakavu nitaokoa iliyobaki," alisema. Nilikuwa nimejiandaa kumchukia mpaka mwisho wa masika. Sasa hata hilo siliwezi vizuri.

Mei 9

Nimeamka na hasira ya kazi. Nikashuka uwanjani kuyaaga maharage, na nimekuta yametoa maua! Tuta zima la Mwalimu, meupe na zambarau, yamepinda kama alivyoyapanda. Ya Muuguzi yameanza kuweka maganda. Nimepiga picha kila tuta pamoja na kibao chake, nikamtumia kila mwenye tuta. Sikuandika "karibu tena" wala bei. Niliandika tu: "Yanakuulizia."

Niliposimama nimemwona Shangazi mwisho wa uwanja, kwenye tuta la Fundi, amechutama, anang'oa magugu. Hakuna magugu mengi pale. Nimetambua ni kwa sababu yanang'olewa kila siku. Aliponiona alijifuta mikono kwenye kitenge, akaniuliza kwa ukali kama sina kazi.

Mei 11

Bwana Saruji alikuja amevaa kanzu safi. Shangazi akamketisha ukumbini, nikaleta chai. Kabla hajanywa, simu ikalia. Mwalimu! Anapiga kelele kama mtoto: maganda yanachumwa lini, wasichume watu wengine, anakuja na mkewe na wajukuu. Nikaweka chini, ikalia tena. Muuguzi. Ikalia tena. Fundi, anakuja na mke safari hii, na wenzake wawili wa kiwandani ambao hawalali. Nilikuwa naandika majina kwenye kiganja changu! Wachumba, sasa mtu na mkewe. Mama Pacha. Bwana Hapana alisimama mlangoni anahesabu vyumba kwa vidole, vidole vikamwishia.

"Shangazi!" nikapiga kelele. "Vimejaa! Vyote!"

Hakunigeukia. Alikuwa anamtazama Bwana Saruji.

"Baba," akamwambia, "umesubiri vizuri, na nakuheshimu kwa hilo. Jibu langu ni hapana. Nyumba sikupi."

Bwana Saruji aliitazama simu, akanitazama mimi na kiganja changu. "Nimesikia mwenyewe, Mama. Biashara imerudi. Heri yako."

"Si hiyo simu," Shangazi akasema. "Nililijua jibu langu tangu juzi, simu haijalia hata moja. Nilipokuita nilitaka kukubali, niseme kweli. Lakini kila nikijiandaa kukupa ufunguo, nafikiri nitamwambia nini mwenye maharage. Watu wameacha chakula chao ardhini kwangu, wamekwenda zao wakijua nipo. Huwezi kuwa na vitu vya watu namna hiyo ukahama."

Akamsogezea kikombe. "Nilidhani jembe linamfukuza mgeni. Wale ndio wa kwanza katika maisha yangu kuondoka wakiwa na sababu ya kurudi."

Bwana Saruji alimaliza chai yake yote. Aliomba apewe hata vyumba viwili vya chini kwa mwezi mmoja, Shangazi akamwambia vyumba vyake vinalaza watu. Nilimsindikiza mpaka njiani na kwa kweli moyo uliniuma kwa ajili yake.

Mei 16

Wamefika wote mara moja! Wajukuu wa Mwalimu wanakimbia koridoni, mabuti yamefika mpaka ngazini, Fundi anawaonyesha wenzake tuta lake, na Bwana Hapana amevaa aproni mbili. Mtu na mkewe wamekuja na mama mkwe ambaye hakuna aliyemtaja, kwa hiyo nimempa chumba changu. Nikachukua godoro langu begani nikashuka nalo stoo, chini ya ngazi. Nimefungua mlango nikamkuta Shangazi ameshatandika la kwake humo, katikati ya ndoo na fagio.

"Ingia ufunge mlango," akasema. "Na usikorome, nyumba ina wageni."